Nikikaa kufanya meditesheni ndo kichwa kinaanza kazi, nianze na pumzi ipi?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja wa Kimara anayefanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nalifupisha. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri kabla watoto hawajaamka, anatandika mkeka, anafumba macho afanye meditesheni ya dakika ishirini, na hapohapo kichwa kinafunguka: kontena ambalo halijatoka, mteja anayepiga simu usiku wa manane, ada ya muhula, zamu yake ya kikoba. Akaona video YouTube inafundisha pumzi za yoga, akafanya ile ya kupuliza harakaharaka puani kwa nguvu, akapata kizunguzungu na vidole vikaanza kufa ganzi. Anauliza kakosea wapi, ni pumzi gani inatuliza akili, afanye dakika ngapi kabla ya kukaa kimya, na mwisho kabisa, naona kwa aibu kidogo, anauliza kama hii sio ibada ya watu wengine.

Dada yangu asante, na hiyo aibu itoe, hilo la ibada naulizwa karibu kila darasa jipya likianza, nitalifikia.

Nianze na kizunguzungu mana hapo ndo watu wengi wanatishika na kuacha moja kwa moja. Ile uliyofanya inaitwa kapalabhati, unakaza tumbo ghafla pumzi inatoka fyu fyu fyu, kuingia inaingia yenyewe. Sio mbaya, ila kazi yake ni kuchangamsha, inamfaa mtu aliyeamka mzito, macho hayafunguki. Wewe kichwa chako kilikuwa tayari kiko bandarini kinabishana na watu, ukakiongezea moto. Afu video nyingi haziwaambii watu kwamba ukipumua haraka na kwa nguvu kuliko mwili unavyohitaji unaipunguza sana hewa ya ukaa kwenye damu, na hiyo ikishuka mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inabana, ndo unasikia kichwa chepesi, vidole na midomo inachomachoma. Sio pepo na sio dalili kwamba "nguvu inafunguka" kama wengine wanavyopenda kusema, ni pumzi imezidi tu, ukirudi kupumua kawaida inaisha yenyewe baada ya muda mfupi. Ila mtu mwenye mimba, mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo, kifafa, ngiri, au aliyejifungua kwa oparesheni hivi karibuni, hiyo kapalabhati na ndugu yake bhastrika, ile ya kuvuta na kutoa zote kwa nguvu, aziache kabisa, na mambo ya kubana pumzi muda mrefu pia ayaache. Sijui wewe uko wapi kati ya hao, hukusema, kwa hiyo yote nitakayokupa hapa chini hayana kubana pumzi hata kidogo.

Sasa inayotuliza ni ipi. Kabla sijataja jina lolote fanya kitu kimoja, shika mapigo yako kwenye mkono, pale nesi anapobonyezaga, vuta pumzi taratibu, toa taratibu, rudia mara kadhaa. Ukitulia utasikia mapigo yanakimbia kidogo ukivuta na yanapungua kasi ukitoa. Kwa vijana na watu wenye afya inasikika vizuri kabisa. Hiyo kazi inafanywa na neva moja ndefu inaitwa vagasi, inatoka kwenye ubongo inashuka shingoni mpaka kwenye moyo na tumboni, na wakati wa kutoa pumzi ndo inaupunguza moyo kasi zaidi. Kwa hiyo ukirefusha kutoa kuliko kuvuta, unaupa mwili muda mrefu zaidi wa kupoa kila pumzi, hata kama mawazo yako bado yanapiga kelele. Watu wanahangaika na kuvuta, "vuta pumzi ndefuuu", kifua kinapanda mpaka mabega yanagusa masikio, halafu wanaiachia puu kwa mara moja. Hapo ni kinyumenyume. Kuvuta iwe ya kawaida tu, umakini wote uweke kwenye kutoa.

Na akili inaingiaje hapo? Wazee wa yoga walishaliona hilo kitambo, kwenye Hatha Yoga Pradipika, andiko la India la karibu karne ya 15, limeandikwa waziwazi kwamba pumzi ikitikisika akili inatikisika, pumzi ikitulia na akili inatulia. Maabara zimekuja kugusa kitu hichohicho juzijuzi tu. Mwaka 2017 watafiti Marekani walionyesha kwa panya kwamba kwenye shina la ubongo, palepale panapoendesha pumzi, kuna kikundi kidogo cha seli kinachopeleka taarifa kwenye sehemu inayouamsha ubongo mzima, na walipoziondoa zile seli panya waliendelea kupumua vizuri tu ila wakawa wapole kupita kawaida, muda mwingi wamekaa tu. Panya sio mtu, sawa, lakini njia kutoka kwenye pumzi kwenda kwenye ile hali ya kuhangaika ipo, haijatungwa na walimu wa yoga ili wauze darasa.

Basi, alfajiri yako tuipange hivi. Kaa popote mgongo unaponyooka bila kupigana nao. Mkeka na mto chini ya makalio ili magoti yawe chini ya nyonga, au kiti cha plastiki miguu ikiwa chini sakafuni, mi sina shida na kiti, nina shida na watu wanaokaa mkao wa kwenye picha magoti yanauma dakika ishirini nzima halafu wanasema meditesheni ngumu. Usile kwanza, tumbo likijaa ule msuli wa chini ya mapafu hauna pa kushukia, chai ya maziwa na chapati zisubiri. Maji kidogo ruksa. Simu weka chumba kingine ikiwezekana, najua kuna apu nzuri za kuhesabia pumzi lakini apu iko kwenye simu na kwenye simu kuna grupu la kikoba, utaona mwenyewe.

Dakika moja au mbili za kwanza usibadilishe chochote. Sikiliza tu pumzi inaingilia wapi, kifuani au tumboni, fupi au ndefu, imekwama au inateleza. Wengi wanairuka hii kwa sababu inaonekana sio zoezi, lakini ndo inakuambia leo umeamkaje, kuna siku utakuta pumzi iko juu kabisa shingoni na hujui kama ulikuwa na wasiwasi kiasi hicho.

Halafu ingia kwenye nadi shodhana, ya tundu moja moja la pua. Mkono wa kulia, kidole cha shahada na cha kati vikunje kwenye kiganja, kidole gumba kitaziba pua ya kulia na cha pete kitaziba ya kushoto. Ziba kulia, vuta kwa kushoto. Ziba kushoto, fungua kulia, toa kwa kulia. Vuta kwa kulia hiyohiyo, ziba, toa kwa kushoto. Hapo umemaliza mzunguko mmoja. Kuziba sio kubonyeza, gusa tu kale kanyama ka pembeni ya pua mpaka hewa isipite. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, hesabu iwe kama sekunde hivi, na kama sita inakukaba anza tatu kwa nne, hamna anayekuandikia maksi. Kipimo changu ni kimoja, ukimaliza kutoa ukajikuta unadaka hewa kwa pupa basi umerefusha kupita uwezo wako, punguza. Pumzi isisikike, mtu aliyelala pembeni asijue unafanya nini. Dakika tano zinatosha.

Kwa nini hii na sio nyingine kwa mtu wa aina yako? Kwa sababu ina kazi nyingi ndogondogo, hesabu, kidole, upande gani sasa, na akili inayozunguka inapata kitu cha kushika. Ukimwambia mtu wa bandarini "usiwaze chochote" unamtesa bure. Mpe kazi nyepesi inayojirudia, atapoa akiwa anaifanya. Kuna mambo mengi yanasemwa kuhusu pua ya kushoto mwezi na ya kulia jua, kwenye mapokeo yenyewe yana nafasi yake na nayaheshimu, ila kwa lengo lako huhitaji kuyabeba yote, urefu wa kutoa pumzi na utulivu wa mkono vinakutosha. Na ukikuta tundu moja limeziba nusu usishtuke, pua za binadamu zinapokezana zenyewe, upande mmoja unafunguka zaidi kwa masaa kadhaa halafu mwingine.

Ukimaliza hapo fanya bhramari mara tano mpaka saba, hii mi naipenda sana kwa Dar kwa sababu ya makelele. Jina lake linatokana na nyuki. Ziba masikio kwa vidole gumba, taratibu, ukibonyeza kale kanyama ka mbele ya sikio, usitie kidole ndani, funga midomo meno yasigusane, vuta kwa pua kisha toa ukivuma mmmmm sauti ya chini, mpaka pumzi iishe yenyewe bila kuikamua. Utasikia fuvu zima linatetema. Kuvuma kunalazimisha kutoa kuwe kurefu bila hata kuhesabu, hiyo ndo faida yake ya kwanza, na nyingine ni kwamba jogoo wa jirani, bodaboda wa kwanza, spika ya msikiti na ya kanisa vyote vinabaki nje kwa muda. Kuna utafiti wa Sweden wa mwaka 2002 ulikuta mtu akivuma, gesi moja inayotengenezwa kwenye nafasi za ndani ya mifupa ya uso inatoka puani mara kumi na tano hivi kuliko akitoa pumzi kimya. Hilo ni la pua zaidi kuliko la akili, nalitaja tu kwa sababu watu wananiulizaga kama kuvuma kuna maana yoyote au ni mbwembwe.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndo watu wanapopoteza kila walichokipata. Bhramari ya mwisho ikiisha, usirukie meditesheni. Shusha mikono, acha pumzi. Yaani iache kabisa, usihesabu, usirefushe, usiisimamie. Ukizima feni panga zinaendelea kuzunguka kwanza ndo zisimame, na mwili hivyohivyo, mpe dakika moja au mbili za kukaa tu. Mara nyingi kwenye hicho kipindi pumzi inakuwa ndogo sana yenyewe, kati ya kutoa na kuvuta kunakuwa na kanafasi, kimya, hujakatengeneza wewe. Meditesheni yako ianzie hapo. Mtu anayetoka kwenye pumzi na kusema "haya sasa nimeditate" anafungua faili jipya kichwani, na kontena linarudi. Kwenye hatua nane za Patanjali, mwandishi wa kale wa yoga wa India, pumzi ni ya nne na meditesheni ni ya saba, katikati kuna kuzirudisha hisia ndani na kuielekeza akili sehemu moja, kwa hiyo hata wao hawakutegemea uruke kutoka huku mpaka kule kwa mara moja.

Na kontena likirudi hata hivyo? Litarudi tu. Pumzi haifuti mawazo, aliyekuahidi hivyo kakudanganya, inayapunguzia nguvu, unaliona wazo la kontena linapita na hujaamka kutafuta simu. Likikubeba ukagundua umeshafika getini namba fulani, toa pumzi moja ndefu, moja tu, rudi. Usianze upya nadi shodhana katikati, utageuza meditesheni kuwa kazi ya kurekebisha pumzi.

Kwa muda, pumzi zote pamoja zikae dakika nane mpaka kumi, kukaa kimya dakika kumi. Najua uliniambia ishirini za meditesheni, ila ishirini za kupigana na kichwa sizitaki, kumi tulivu zinatosha kwa sasa, utaongeza zikianza kuonekana fupi.

Haya, ibada. Mi sipendi wanaoficha asili ya haya mambo wakayaita "mbinu ya kisasa ya pumzi" ili yauzike. Pranayama, yaani haya mazoezi ya pumzi ya yoga, imetoka India, imekuzwa na watu wenye imani zao, na hata hapa Dar imekuja na Wahindi wetu wa Kisutu na Upanga kabla hatujaanza kuiona studio za Masaki. Anayeifanya kama sehemu ya dini yake ana haki hiyo. Lakini kurefusha kutoa pumzi hakuna mwenye hati miliki. Mwaka 2001 kikundi cha watafiti wa Italia walipima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine wakirudia mantra ya yoga, maneno ya kurudiarudia, wakakuta vyote viwili vinashusha pumzi mpaka kama sita kwa dakika na moyo unaenda na ule mdundo. Mtu mzima akiwa amepumzika huwa anapumua kama mara 12 mpaka 20 kwa dakika, kwa hiyo hiyo ni polepole kweli. Sasa piga hesabu yangu ya nne kwa sita, sekunde kumi kila pumzi, sita kwa dakika. Hukunitajia dini yako na sikuulizi. Ukiwa Mwislamu na hesabu ya namba inakuboa tumia nyiradi zako, ukiwa Mkatoliki tumia rozari, kuvuma vuma bila neno lolote. Na kama baada ya kumuuliza shehe au padri wako bado moyo unasita, usifanye, kukaa unajihukumu alfajiri nzima kutakuchosha kuliko hayo mawazo ya kazini.

Kuna aina ya mtu ambaye akianza kuiangalia pumzi wasiwasi unapanda badala ya kushuka, kifua kinabana, anahisi hewa haitoshi. Sio wachache. Ukijiona huko fumbua macho, acha pumzi, tazama kitu kilicho mbele yako, sikia nyayo kwenye sakafu, simama tembea kama inabidi. Kesho anza na bhramari peke yake macho wazi, mara tatu, basi. Na kama hizo fikra zinakunyima usingizi wiki na wiki au moyo unakudunda bila sababu, pumzi isikucheleweshe kwenda hospitali, na mwenye dawa za presha asiziache kwa sababu anajisikia vizuri na yoga, nasema hivi kwa sababu wapo.

Mengine ya haraka. Ukiwa na mafua nadi shodhana haiwezekani usilazimishe, kaa tu na kutoa kurefu. Joto la Januari, likikukuta unatoka jasho saa kumi na moja alfajiri na umeme hamna, kuna sheetali, unakunja ulimi uwe bomba unavuta hewa kupitia hapo unatoa kwa pua, inapoza mdomo na koo, ila hewa inaingia bila kuchujwa na pua kwa hiyo karibu na barabara yenye vumbi na moshi hapana. Ulimi kukunjika kuna wasioweza kabisa hata wafanyeje, hao wavute kupitia meno yaliyobanwa kidogo.

Kwenye mwendokasi ukiwa umesimama umebanwa, nne kwa sita inafanyika bila mtu kujua, macho wazi, bila vidole puani tafadhali. Ukiwa unaendesha gari usijaribu chochote cha kuhesabu.

Na siku mtoto ameamka kabla yako na hizo dakika ishirini zimekufa, fanya hii: vuta kwa pua, kabla hujatoa ongeza kavuto kafupi ka pili juu yake, halafu toa kwa mdomo polepole mpaka iishe. Chuo cha Stanford walitoa utafiti mwaka 2023, watu walifanya hiyo dakika tano kila siku kwa mwezi, hisia zao za uchangamfu na furaha zikapanda kuliko za waliokaa meditesheni muda huohuo. Utaifanya hata ukiwa unasubiri maji ya uji yachemke. Wiki mbili zikipita niandikie, na safari hii niambie kama una presha.